Nilikunywa maji lita 8 na bado nikatapika, shida ilikuwa nini?

SWALI: Habari daktari. Likizo hii tulitoka Nakuru kwa miguu tukapitia Molo, Londiani na Kericho, mpango ukiwa kumalizia Kisumu. Huko juu kulikuwa poa lakini tulipoteremkia Awasi joto likawa kali hadi wenyeji wenyewe walikuwa wanalalamika. Niliambiwa ninywe maji sana, nikanywa kama lita 8 siku hiyo na glukosi juu. Nimefika Ahero kichwa kinapasuka, pete haitoki kidoleni, natapika, na mkojo ni mweupe kama maji. Wenzangu wakasema maji yamekuisha, ongeza. Niliachia hapo. Nataka kurudi nimalizie Ahero mpaka Kisumu, nibebe maji kiasi gani?

JIBU: Pole sana dadangu. Hiyo ya mkojo ndio imenishtua, juu mtu aliyeishiwa maji hakojoi hivyo, anakojoa kidogo na rangi imekolea. Wewe nashuku maji yalizidi chumvi ikabaki chini. Sodiamu (ndiyo iliyo ndani ya chumvi) kwenye damu kawaida ni 135 hadi 145 mmol kwa lita, sasa ukitoka jasho (si unaona ile alama nyeupe kwa kofia, ni chumvi hiyo) halafu unarudisha maji matupu pekee, sodiamu iliyobaki inazidi kuzimuliwa, maji yanaingia ndani ya seli zinavimba, na ubongo umefungiwa na fuvu hauna pa kupanukia, ndio kichwa kinauma na unatapika. Kuvimba vidole peke yake si hoja, mikono ikining'inia siku nzima kwa joto huvimba tu. Bila kipimo cha damu siwezi kuapa, lakini ukiweka yote pamoja mimi nasimama hapo. Na glukosi ya pakiti ni sukari tu, chumvi haina.

Kitu kingine ni huo mteremko. Kericho iko karibu mita 2,000, Kisumu ni kama 1,130, mkashuka kwa miguu mkidhani miguu ikishazoea basi mwili wote umezoea. Mwili unataka wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na kabla haujazoea jasho linatoka na chumvi nyingi zaidi.

Kipande kilichobaki ni kilomita 20 na kitu, tambarare, kivuli cha maana hakuna. Toka saa kumi na moja na nusu asubuhi, jua likianza kuuma uwe umekaribia mjini. Kunywa ukisikia kiu, si kwa ratiba, wengi nusu lita hivi kwa saa inawatosha, na hata jua liwake vipi usipitishe lita 1 kwa saa. Kula ukitembea: mayai boilo na chumvi, njugu za chumvi, mahindi choma ya ndimu. Ukitaka ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) soma pakiti inasema maji kiasi gani, au chukua maji safi lita 1, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Lakini hata hiyo ukinywa lita 8 utarudi palepale, sodiamu yake ni kidogo kuliko ya damu. Kama una presha au figo usiongeze chumvi kabla ya kuongea na daktari wako.

Kichwa kikianza, simama kivulini, acha maji matupu kwanza, kula kitu cha chumvi. Usimeze dawa za maumivu kama Brufen wala diclofenac, kwa hali hiyo zinaumiza figo na pia zinafanya mwili ushikilie maji.

Mwenzako akianza kuongea vitu havieleweki au akipata degedege, hapo ni hospitali moja kwa moja. Kama mwili wake umewaka moto mmwagie maji kila mahali na mpepee mkisubiri gari, Panadol haishushi joto la aina hiyo. Na mkifika mtajie anayewapokea alikunywa lita ngapi, juu akiona tu uchovu na jua anaweza kukimbilia dripu, na kuna dripu zinazoweza kuongeza shida hiyo hiyo.