Maswali ya Wasomaji: Mvinyo Mwekundu wa Mlima Vulture

SWALI: Ndugu Mhariri, mwishoni mwa Oktoba mimi na mume wangu tulisafiri kwa gari kusini mwa Italia, tukitokea Naples kuelekea Matera. Njiani tulilala Barile, mji mdogo ulio chini ya mlima Vulture katika mkoa wa Basilicata. Jioni tuliandaliwa nyama ya mwana-kondoo ya kuoka pamoja na mvinyo mwekundu uitwao Aglianico del Vulture, nasi sote wawili tuliona kwamba umeipita mivinyo mingi ya bei kubwa tuliyowahi kunywa. Tuliporudi Stuttgart, muuza mvinyo wa mtaani kwetu alituambia kwamba mvinyo wa kusini ni wa kuchanganyia tu, na kwamba kilichotuvutia ni safari. Je, ni kweli? Kama si kweli, mbona haujulikani, na tuuchague vipi?
Msomaji, Stuttgart

JIBU: Dada yetu, ulimi wako haukukudanganya. Aglianico del Vulture ni miongoni mwa mivinyo myekundu bora ya Italia, na naliandika hili bila kusita hata kidogo. Muuzaji wenu ameshikilia habari ya zamani. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi mvinyo wa kusini ulipelekwa kaskazini kwa matangi, ukachanganywa na mvinyo hafifu ili kuuongezea rangi na nguvu, na jina la mkulima likapotelea humo humo. Lakini mvinyo mliokunywa una hadhi yake kisheria: ulitambuliwa mwaka 1971 kwa daraja la DOC, yaani jina la asili linalolindwa kisheria, na ule uitwao Superiore ukapandishwa mwaka 2010 hadi DOCG, daraja la juu kabisa katika sheria za mvinyo za Italia. Zabibu zake ni za aina moja tu, Aglianico, ambayo ndiyo pia inayotoa mvinyo wa Taurasi katika mkoa jirani wa Campania.

Ubora wake unaanzia ardhini. Vulture ni volkano iliyozimika zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na majivu yake yaligandamana yakawa jiwe laini lenye vitundu, ambalo hunywa mvua za masika na za baridi kisha likayatoa maji kidogo kidogo kwa mizizi wakati wa kiangazi kikali. Mashamba yapo kwenye miinuko, kwa hiyo usiku huwa na ubaridi hata katika miezi ya joto, na zabibu huiva polepole mno. Mlipopita mwishoni mwa Oktoba, wakati mikoa mingi ya Italia imekwisha kuvuna, wakulima wa huko kwa kawaida huwa bado wamo mashambani. Kuchelewa huko ndiko kunakoupa mvinyo harufu ya matunda meusi yaliyoiva pamoja na uchachu unaouchangamsha. Katika jiwe hilo hilo watu wa Barile, ambao wengi ni wa asili ya Kialbania, walichimba mapango ya kuhifadhia mapipa, na humo joto halibadiliki sana mwaka mzima.

Sasa, kwa nini haujulikani? Basilicata haina hata uwanja wa ndege wa abiria, wageni wengi huishia Matera bila kufika kaskazini mwa mkoa, na umaskini uliwahamisha watu wengi wakaenda kutafuta maisha ng'ambo. Mashamba mengi ni vipande vidogo vya familia. Mikoa ya Toscana na Piemonte ilikuwa na miji tajiri na koo za kikabaila zilizoutangaza mvinyo wao kwa karne nyingi. Vulture haikubahatika hivyo. Wapo wanaouita “Barolo ya Kusini”, wakiulinganisha na Barolo, mvinyo mashuhuri wa Piemonte, na kudhani wanausifu, nami sipendi jina hilo, maana linaufanya kuwa naibu wa mvinyo mwingine.

Sababu nyingine imo ndani ya chupa yenyewe. Ukiwa mchanga, Aglianico una ukakasi mwingi, ule mkazo unaobaki kwenye ufizi kama baada ya kunywa chai ya rangi iliyokolea kupita kiasi. Mnunuzi mwenye haraka huuonja bila chakula, akakunja uso na kuuacha. Ukakasi huo hulainika kwa miaka na kwa mafuta ya nyama, ndiyo maana ulikubaliana vyema na yule mwana-kondoo.

Unaponunua, soma lebo kwa makini: tafuta jina Vulture, si Aglianico tupu, na utazame mwaka wa mavuno. Kwa kunywa hivi karibuni, chukua chupa yenye umri wa miaka mitano au zaidi; Superiore mnaweza kuiweka kwa miaka kumi, na bei yake bado iko chini sana ikilinganishwa na Barolo. Angalieni pia mji wa mtengenezaji. Mvinyo wa Barile na Rionero, karibu na mlima, mara nyingi huwa na uchachu zaidi, na ule wa upande wa Venosa, mji alikozaliwa mshairi wa Kirumi Horatius, huwa mzito na mpole zaidi.

SWALI: Nimeletewa zawadi ya chupa ya Aglianico kutoka Italia. Niiweke wapi, na inafaa kunywewa pamoja na nyama ya mbuzi ya kuchoma?
Msomaji, Arusha

JIBU: Inafaa sana, hata huko Basilicata mbuzi na kondoo ni nyama za kila siku. Punguza pilipili tu, kwa sababu huuzidisha ukakasi. Usiiweke juu ya friji wala juu ya kabati la jikoni, kwani joto la huko huuharibu mvinyo upesi. Ilaze mahali penye giza na ubaridi, kizibo kiendelee kulowa. Siku ya kunywa, itie kwenye friji kwa muda wa nusu saa, ishuke hadi nyuzi 18 hivi, kisha umimine mvinyo kwenye jagi la kioo na kuuacha upate hewa saa moja au mbili kabla ya wageni kuketi. Utakaobaki, urudishe kwenye chupa, uizibe na kuiweka kwenye friji, na umalizwe ndani ya siku tatu.