Mwaka wa kwanza, kabla hamjamwandikia mhadhiri tena

Wadogo zangu, wiki hii nimesahihisha kwizi za semina na nimekutana tena na yale yale, Kiingereza cha kuchati: "Am agree dat", "bcoz", "plz", kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi ya chuo. Nilidhani waliowatangulia wameondoka nayo. Nawapenda, na sitaki kuwaona kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa hiyo nisikilizeni kabla UE, mtihani wa mwisho wa muhula, haijafika.

1. Vifupisho vilikuwa na sababu, na sababu hiyo imekwisha. SMS moja ilibeba herufi 160. Ukizidisha, unakatwa pesa ya meseji mbili. Kaka na dada zenu walifupisha ili vocha isiishe. Twitter nayo iliwabana watu kwenye herufi 140 mpaka ilipopandisha hadi 280 mwaka 2017. WhatsApp haikuhesabii herufi. Voisi noti yako ya dakika mbili inakula bando kuliko ukurasa mzima wa maandishi. "Because" iandikeni yote.

2. Simu inawasitiri. Inarekebisha tahajia, inaweka herufi kubwa, inakumalizia neno. Kwenye UE una kalamu na kijitabu cha majibu tu. Zimeni usahihishaji wa kibodi mapema, muone wenyewe mnachokijua.

3. Jifunzeni kuunganisha sentensi. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka jana binti mmoja wa semina yangu, anayejenga hoja darasani mpaka wenzake wananyamaza, alitafuta nafasi ya fildi, mafunzo kwa vitendo. Akamtumia afisa utumishi wa ofisi fulani meseji usiku: "Hi sir." "Hope ur gud." "Am a student." "Am askin 4 field." "Plz consider." Tano, moja moja. Tiki zikawa bluu, jibu halikuja. Akanitumia skrinishoti kuuliza amekosea wapi.

Tukakaa kwenye kimbweta nje ya maktaba, nikamwambia aandike barua kwa mkono. Vifupisho aliviondoa mara moja, kila neno alilijua. Kilichomshinda ni aya. Anaandika sentensi, anaruka mstari, anaandika nyingine, anaruka. Habari zote alikuwa nazo: anasoma nini, fildi inaanza lini, kwa nini ofisi ile na si nyingine. Ila "since", "although" na "therefore" hazikuja mkononi, kwa sababu kwenye kuchati hazina kazi. Unatupa kipande, mwenzako anajibu, mnaelewana njiani. Kwenye barua uko peke yako, na msomaji hawezi kukuuliza "unamaanisha nini?" Alifuta, akachana karatasi, machozi yakamlenga. "Kichwani ninayo," akasema, na nilimwamini. Mpaka giza linaingia ndipo aya tatu zilisimama. Ofisi ya kwanza haikujibu kamwe. Ya pili, iliyopata ile barua, ilimpokea.

Wala si yeye peke yake. Wengi wetu tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukakutana na Fizikia na Historia kwa Kiingereza kidato cha kwanza, na nyumbani hakuna anayekisema. Nje ya darasa, simu ndiyo mahali pekee tunapokiandika kila siku, na mkono unazoea huko. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mitandao inaua Kiingereza. Mnaandika Kiingereza kingi, tena kwa hiari. Shida ni kwamba ni cha aina moja tu.

4. Sikilizeni pia. BBC Learning English iko YouTube, bure, na matamshi mtayapata huko vizuri kuliko kwangu.

5. Ma-CR, wawakilishi wa darasa, kwenye grupu la semina kubalianeni kwamba hoja ya somo inaandikwa kwa aya kamili. Kundi moja lilijaribu. Mwanzoni zilijaa stika za kucheka, na kijana mmoja akawa anajibu kila aya kwa "k". Halafu ikatoka kazi ya kikundi, na ni yeye aliyeanza kupandisha aya ndefu, akigombana na wenzake kuhusu koma. Nilizisoma zote, kwa furaha.

6. Barua pepe kwa mhadhiri: mada, jina, namba ya usajili, kozi, kisha ombi lako kwa sentensi nzima. Na ukiituma saa sita usiku, tafadhali usifuatishe "???" saa kumi na mbili asubuhi. Naye analala.