Jedwali linabaki tupu ilhali seva imejibu

Ndugu, umesema seva inatuma orodha ya wanafunzi kwa ukurasa wako wa JavaScript, ila jedwali linaonyesha vichwa tu na konsoli (dirisha la ujumbe la kivinjari) inaandika Promise, yaani ahadi ya jibu ambalo bado halijafika. Hujasubiri jibu. Weka await (neno la kusubiri) mbele ya fetch, inayoomba data kwa seva, kisha nyingine mbele ya wito wa json() unaosoma jibu hilo, zote ndani ya fankisheni ya async, yaani inayoruhusu kusubiri. Ukishapata orodha, ipitie mmoja mmoja: insertRow kwenye tbody (mwili wa jedwali) huongeza mstari, insertCell kwenye mstari huo huongeza kisanduku.

Ila jina liandike kwa textContent, inayoweka maandishi matupu, nakusihi, si innerHTML, inayoyasoma kama HTML. Mtu akijisajili kwa jina lenye tagi ya img (picha) na onerror (amri ya kuendeshwa picha ikishindwa kupakiwa), msimbo wake utaendeshwa kwenye kivinjari cha kila anayefungua ukurasa, na hao ni wanafunzi wako. Rangi na mipaka utapanga baadaye kwa CSS.