Stoo ikijaa, anza na sakafu

Fungua stoo ya nyumba nyingi za Nkuhungu, Ipagala au Nzuguni hapa Dodoma, utakutana na picha ileile: magunia mawili ya mahindi yameegemea ukuta, boksi la televisheni iliyouzwa zamani, madumu yasiyo na vifuniko, feni iliyovunjika mguu, na kule nyuma kabisa kiroba ambacho hakuna anayekumbuka kina nini. Siku mwenye nyumba akichoka nayo, anasogeza, anafuta vumbi, anarundika vizuri zaidi. Miezi miwili haipiti stoo imerudi kulekule, na safari hii boksi la chini limeliwa na mchwa.

Kosa ni kupanga vitu kabla ya kuishughulikia sakafu. Kwa Dodoma, kinachoharibu vitu vya stoo kwa kawaida hutokea chini: mchwa, panya, na kuanzia Desemba hadi Aprili, unyevu unaopanda kupitia zege lililomwagwa bila kutandikwa nailoni. Kwa hiyo sharti ni moja: ndani ya stoo, kitu kisiguse sakafu wala ukuta. Ukilishika hilo, swali la kitupwe nini na kibaki nini linajijibu, kwa sababu nafasi iliyoinuliwa ina mwisho. Habari ya "kitakuja kufaa" iache. Kama kitu hakistahili kukalia rafu, hakistahili kukaa stoo.

Kazi hii ifanye Oktoba, kabla ya mvua, au mwanzoni mwa Mei, kabla mavuno mapya hayajaingia. Agosti upepo utakurudishia ndani vumbi lote ulilotoa.

Usiku wa kuamkia siku ya kazi, zima taa ya stoo, kisha mulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti. Nge hung'aa kijani chini ya mwanga huo, hata aliyebana kwenye mkunjo wa gunia ataonekana mwanga ukimfikia. Asubuhi vaa viatu vya kufunika na glavu ngumu, na kila boksi livute kwako kwa fimbo au reki kabla ya kuliinua. Usipitishe mkono chini ya kitu usichokiona.

Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikavu, maana vumbi lake lina magonjwa. Changanya jiki kipimo kimoja na maji vipimo tisa, nyunyizia mpaka palowe, subiri dakika tano, ndipo ufute kwa kitambaa cha kutupa. Hakikisha dirisha liko wazi.

Tandika turubai uani saa moja asubuhi na utoe kila kitu. Kila kitu, hata kile unachojua kitarudi palepale. Stoo iliyosafishwa nusu haikaguliki. Fanya mafungu matatu: vinavyorudi, vinavyoondoka, na vya watu. Fungu la tatu ndilo linaloshinda familia nyingi. Begi la mjomba aliyehamia Singida, godoro la mdogo wako aliyemaliza chuo, vyombo vya shangazi vya tangu msiba. Hivyo havitupwi kimyakimya. Mpigie mwenyewe simu, mtumie picha, kubalianeni tarehe ya kuvichukua, na vikae pamoja vikiwa na jina lake. Ukitupa bila kusema, utalipia kwenye kikao cha ukoo.

Vinavyoondoka visilale uani, kwa sababu asubuhi nusu yake itakuwa imerudi ndani. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita na maguta na kupima kwa kilo. Kabla hawajafika, tenga alminiamu (sufuria zilizotoboka, vyungio vya zamani) na shaba (nyaya, mota ya feni). Ukichanganya na bati na nondo, vyote vitapimwa kwa bei ya chuma, ambayo ndiyo ya chini.

Stoo ikiwa tupu, kagua ukuta kwa tochi iliyolazwa, mwanga ukipita sambamba na plasta. Njia za mchwa zinaonekana kama mishipa ya udongo, unene wa penseli. Tundu linalopitisha kidole gumba linapitisha panya, na panya mdogo hahitaji hata hilo lote. Usizibe kwa gazeti au sponji. Kunja wavu wa chuma wenye matundu madogo, ushindilie ndani, kisha piga mota ya mchanga na sementi. Matundu ya hewa juu ya ukuta yawekee wavu huohuo, usiyazibe. Stoo isiyopumua hutoa ukungu mwezi Januari hata kama nje ni kukavu.

Rafu ya chuma iliyochomelewa ndiyo bora kuliko zote. Fundi akuwekee ubao wa kwanza sentimita 30 kutoka chini ili fagio na tochi vipite, kina cha sentimita 45 kitoshe dumu la lita 20, na nyuma kuwe na nafasi ya sentimita 10 kati ya rafu na ukuta. Hiyo nafasi mafundi hawaipendi, wanaona rafu inayumba. Mwambie aikaze ukutani kwa vipande viwili vifupi vya chuma, lakini nafasi ibaki, kwa sababu bila hiyo hutaiona njia ya mchwa mpaka iwe imefika rafu ya tatu. Ukitumia mbao, nunua zilizotiwa dawa na kila mguu usimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu. Kopo likijaa vumbi mchwa wanavuka kama darajani, basi lisafishe kila baada ya miezi miwili.

Maboksi ya karatasi yaishie hapa. Kwa mchwa boksi ni chakula, na kwa mende gundi yake pia ni chakula. Ndoo za rangi za lita 20 zilizooshwa, zenye mifuniko, hufanya kazi ileile, nazo hazileti gharama. Jina la kilichomo liandike ubavuni kwa maka peni, si juu ya mfuniko, maana ukizipandisha mfuniko hauonekani.

Sasa nafaka, ambayo kwa mkoa huu ndiyo sababu hasa ya kuwa na stoo.

Usiingize mahindi ambayo hujayapima ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka vijiko viwili vya chumvi kavu, jaza mahindi mpaka theluthi, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, punje bado zina unyevu wa zaidi ya asilimia 15; rudisha juani, juu ya turubai. Kioo kikibaki safi, bado ongeza siku moja ya jua, kwa sababu mfuko usiopitisha hewa unataka asilimia 13 au chini yake. Mahindi mabichi ndani ya mfuko huo hayaliwi na dumuzi, ila yanaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo. Kusonga ugali hakuiondoi. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zichambue kwenye ungo kabla ya kufunga.

Mifuko ya PICS, ndiyo hiyo isiyopitisha hewa, ina tabaka tatu: nailoni mbili ndani, kiroba nje. Kabla ya kujaza, pulizia hewa kila nailoni, izungushe mdomo na uibonyeze karibu na sikio. Ikitoa mlio imetoboka. Jaza huku ukishindilia, acha kama sentimita 30 za juu, kamua hewa, sokota mdomo mpaka uwe mgumu, ukunje na ufunge kwa kamba. Rudia kwa nailoni ya pili, halafu kiroba. Kila tabaka lifungwe peke yake. Wengi hufunga yote matatu kwa kamba moja, kisha wanalaumu mfuko. Dumuzi hufa kwa kukosa hewa, kwa hiyo usifungue kila siku kuchota debe. Gunia la kula sasa liwe jingine, na haya mengine yasiguswe.

Magunia yapande juu ya chaga, mbao za mbili kwa nne zilizosimamishwa kwa ubavu, si juu ya nailoni iliyotandikwa chini, ambayo hukusanya jasho. Acha nafasi ya kupita mtu pembeni. Na vidonge vya kufukizia nafaka visitumike kabisa kwenye stoo iliyoungana na vyumba vya kulala. Gesi yake hupita chini ya mlango na huua waliolala.

Madumu hula nafasi kuliko kitu chochote, maana maji yakiwa ya mgawo kila mtu anaongeza jingine. Libonyeze kila moja ubavuni kwa kidole gumba: lililopauka kwa jua likitoa mlio wa kukatika, litapasuka siku utakapolibeba limejaa kilo 20. Ondoa. Lisilo na kifuniko, ondoa. Lililowahi kuwa na dawa ya shamba au oili litobolewe kabisa, mtoto asije akalichotea maji. Yanayobaki yahesabu kwa matumizi ya siku tatu za familia yako, uishie hapo.

Mfuko wa sementi uliobaki, finya mabonge: yakisagika kwa vidole tumia wiki hii kwa kuziba yale matundu, yakigoma tupa. Mtungi wa gesi usikae stoo isiyo na hewa. Gesi yake ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni ikisubiri kiberiti. Mkaa ukae nje. Vyeti na hati ya kiwanja havina kazi stoo, vihamishie kabati la chumbani.

Kila wiki mbili pitisha tochi kwenye ile nafasi ya sentimita 10. Ukiona njia ya mchwa, usiibomoe yote, watahamia usikokuona. Vunja upana wa kidole tu uache. Kesho au keshokutwa ukikuta pamezibwa, wapo. Ifuate njia hadi inapotokea chini, toboa tundu dogo hapo, mimina dawa, subiri siku kadhaa, ndipo ukwangue ukuta.