Re: Vibanda vya wakati wa corona, kaunti inataka kuvitoa, tufanyeje?

Niaje ndugu. Kama nimekuelewa, 2020 mliruhusiwa kutandaza vibanda mpaka barabarani ndio watu wasisongamane sokoni, sasa kanjo, yaani watu wa kaunti, wamewapa siku 14 mtoke na nyinyi mnataka vibaki. Kitu cha kwanza angalia ile ruhusa yenyewe, iko kwa karatasi ama ni mtu alisema tu kwa mdomo? Sisi yetu ilikuwa mistari ya rangi nyeupe pale chini, mita mbili mbili, mvua ya tatu ikaosha yote na ushahidi ukaenda nayo.

Halafu msiende ofisini kulia njaa, nendeni na hesabu. Mhazini wetu alichukua daftari la shule akaandika ushuru wa kila siku tuliolipa kwa wiki 6, jumla ilipofika mezani hata yule afisa mkali akaomba kalamu. Hata Paris, Juni 2020 mikahawa iliachiwa nafasi za parking iweke meza bure, 2021 ikafanywa ya kudumu lakini kwa masharti, Aprili mpaka Oktoba, unalipia, na saa nne usiku unafunga maana majirani walikuwa wamechoka na kelele. Kwa hivyo nyinyi pelekeni masharti yenu kwanza, nani anazoa taka, gari la zimamoto linapita wapi, msingoje muulizwe.

Mambo ya kortini siyajui, sisi hatukufika huko. Hiyo notisi imepigwa muhuri? Iweke hapa tuione, ila funika majina.