Mwenye sindromu ya Down akifika miaka 35, nunua daftari

Mwili wa mtu mwenye sindromu ya Down huzeeka mapema kuliko umri wake. Kromosomu ya 21, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, anayo mara tatu badala ya mbili, na humo limo jeni la APP. Likizidi, amiloidi, yaani protini inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), hurundikana kwenye ubongo, na akifika miaka 40 karibu kila mmoja anayo. Utafiti wa 2015 ulisoma alama za kemikali kwenye DNA ya damu na ubongo, ukakuta zimetangulia umri halisi kwa wastani wa miaka 6.6.

Kwa hiyo msingoje dalili. Angali mzima, andikeni anachoweza: anafunga vifungo vya shati? Akitumwa dukani anarudi na chenji? Anaoga bila kukumbushwa? Rudieni kila mwaka, mwezi uleule. Daktari atajuaje kilichopungua kama hajui alivyokuwa?

Akibadilika, tafadhali msikubali upesi jibu la "ndivyo walivyo". Anzeni na tezi ya thairoidi, iliyo shingoni: ikilegea, mtu huhisi baridi. Huku Mbeya na Makambako, Juni na Julai kila mtu yuko ndani ya sweta, basi baridi ya mgonjwa haishtui mtu. Mtazameni saa saba mchana juani: bado amejikunyata? Ngozi imekauka, choo kigumu, amekuwa mzito? Apimwe damu kuangalia TSH, homoni inayoonyesha kama tezi hiyo inafanya kazi, na hata asipokuwa na dalili apimwe kila mwaka. Akipewa levothairoksini, dawa ya tezi iliyolegea, ameze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Maziwa huzuia dawa isifyonzwe vizuri, kipimo kikaja kibaya mkadhani dozi ni ndogo.

Halafu macho. Mwenye mtoto wa jicho husimama ukingoni mwa kibaraza akipapasa chini kwa kidole cha mguu kabla ya kushuka. Huo si woga wala ukaidi. Masikio nayo yana matundu membamba, nta huziba. Yasafishwe hospitali, si kwa njiti ya kiberiti. Na akilala ameketi, akikoroma kisha pumzi ikakatika, hapumziki. Mchana ataonekana amesahau kila kitu.

Baada ya miaka 40, mikono ikistuka asubuhi hadi kikombe kimponyoke, hicho huenda ni kifafa kinachokuja pamoja na ugonjwa wa Alzheimer. Mrekodini kwa simu, maana mkifika kwa daktari mstuko utakuwa umeshapita.