Kwa nini watu wanachagua jiu-jitsu ya Brazili

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu aache ndondi na karate akajifunze jiu-jitsu ya Brazili, yaani kugaragazana chini. Wengi walivutwa na alichofanya Mbrazili Royce Gracie, mpiganaji wa jiu-jitsu hiyo, kule Denver, Marekani, mwaka 1993, kwenye UFC ya kwanza, mashindano yaliyokutanisha wapiganaji wa mitindo mbalimbali. Alikuwa na kilo kama 80, hana misuli ya kutisha, lakini usiku huohuo aliwashinda watu watatu na wote walisalimu amri.

Siri yake utaielewa ukiwa umelala chali na mtu mzito juu yako. Unambana kiunoni kwa miguu, unauvuta mkono wake kifuani kwako, unazungusha nyonga, kiwiko chake kinanyooka mpaka anapigapiga mkeka kuomba umwachie. Hapo mwili wako mzima unapambana na kiungo chake kimoja tu. Kwa mwenye umbo dogo, hasa dada zetu, hilo ni jambo kubwa mno.

Kinachowafanya wasiache, kwa maoni yangu, ni kwamba unapambana kwelikweli bila kupigwa ngumi za kichwa. Jioni uko mkekani, asubuhi uko kazini. Nenda kajaribu darasa moja, ila kata kucha kwanza, zinawachana wenzako.